Mama Rhoda Semboja, Aliyeagizwa Rasmi Kusikiliza Simu za Watu

Jumamosi tarehe 30 Juni 2012, Mama Rhoda Semboja anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Maziwa Bonde Jema, hapa Korogwe, kwa miaka thelathini na miwili. Katika muda huo kampuni imebadilisha wamiliki mara mbili, jina mara tatu, na rangi ya geti mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Mama Rhoda hakubadilika. Wapo waliojaribu kumbadilisha, na habari zao zimo humu.

Alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge karibu na Hale, ambako baba yake alifika akitokea mbali kutafuta kazi. Vyumba vya kambi vilitenganishwa kwa kuta zisizofika darini, na mtoto aliyelelewa humo hujifunza mapema kwamba mazungumzo ya jirani si siri bali ni sehemu ya hewa. Aliolewa na marehemu Mwalimu Semboja wa Makuyuni, mtu mkimya sana. Waliomfahamu wanasema alikuwa mkimya kwa sababu hakupewa nafasi.

Mwaka 1980, kiwanda kikiwa bado mali ya shirika la umma, aliajiriwa kuwa opereta wa simu. Suichibodi ya siku hizo ilikuwa na nyaya zilizosimama kama nywele za mtu aliyeamka vibaya, na kila simu iliyoingia au kutoka ilipita mikononi mwake. Kwa masikitiko ni lazima tuseme kwamba ilipita masikioni mwake pia. Kila mfanyakazi alijua. Mwenyewe alisema anahakikisha laini haijakatika, na kwa jinsi alivyozihakikisha, laini zetu zilikuwa imara kuliko zote wilayani.

Tatizo halikuwa kusikiliza. Lilikuwa kuchangia. Siku moja daktari wetu wa mifugo alikuwa akimweleza mkewe aliyeko Hale kwamba kazi zimembana, atachelewa kurudi. Sauti ya tatu ikaingia: "Usiwe na wasiwasi, mama. Ameshavaa koti, anatoka sasa hivi." Daktari alinuna mwezi mzima. Lakini karani mmoja wa mauzo, aliyekuwa akimpigia mwalimu wa kike kila wiki na kuishia kuulizia hali ya hewa, aliokolewa na sauti hiyohiyo: "Mwalimu, kijana huyu anataka kuleta posa. Aanzie kwa nani?" Leo wana watoto watatu, na wa kwanza anaitwa Rhoda.

Ulipofika wakati wa soko huria, kiwanda kiliuzwa kwa mwekezaji, nasi wafanyakazi tukawa huru pia; wengi wetu huru kabisa, nje ya geti. Mama Rhoda alibaki. Inasemekana mwenye mali mpya alikusudia kumpunguza, ila kila alipotaka kushauriana na wakili wake juu ya jambo hilo, ilibidi amwombe Mama Rhoda amuunganishie.

Ni katika miaka hiyo alipompata rafiki ambaye kwa muda mrefu alimjua kwa sauti tu. Kituo chetu cha kukusanyia maziwa pale Chanika, mjini Handeni, kilikuwa chini ya mama wa Kimasai aitwaye Naisimoi, aliyekiendesha kwa niaba ya kikundi cha akina mama wafugaji wa nyikani. Gari la Korogwe lilikwenda Handeni safari moja kwa siku. Maziwa yakiwa mengi, lilikwenda mara mbili. Kujua kama ni moja au mbili, Naisimoi alipaswa kupiga simu asubuhi. Taarifa ya maziwa ilikuwa fupi. Iliyofuata haikuwa fupi: ndama aliyevunjika mguu, binti aliyefaulu mtihani, mvua iliyokwenda kwa wengine. Mama Rhoda alijifunza kumwamkia "Takwenya," mwenzake akaitikia "Iko," na akina mama wote wa kikundi wakamjua kwa jina la Mama Simu.

Mwalimu Semboja alipofariki, ulikuwa mwaka wa ukame. Chanika hakukuwa na maziwa hata ya chai. Naisimoi alipiga simu kila asubuhi hata hivyo.

"Leo hakuna maziwa," alikuwa akisema. "Umelala? Umekula?"

Haya tumeyapata kwa Naisimoi; hatukuwahi kumsikia Mama Rhoda akizisimulia simu hizo kwa mtu yeyote, naye ni mtu aliyesimulia zote.

Sasa tufike mwaka 2005, mwaka wa maendeleo. Meneja wetu Mkuu, Ndugu Bonaventura, ambaye ameridhia haya yaandikwe, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Dar es Salaam, akiwahakikishia kwamba mitambo yote ya kiwanda inafanya kazi. "Isipokuwa ule wa kupoozea, baba," ikaongeza sauti tunayoijua. Wiki ileile Meneja alitangaza kwamba kampuni inahamia kwenye simu za intaneti.

Fundi Yusuph, kijana mpole kutoka Dar, alitufafanulia kikaoni. Simu zetu za kwenda nje zingepita kwenye intaneti kwa gharama ndogo. Kila mmoja angekuwa na simu yake mezani. Laini mbili za kawaida, zile ambazo watu wa Hale, Handeni na kwingineko walizizoea, hazingetupwa. Zingechomekwa kwenye kisanduku kidogo ambacho kingezipokea simu zao na kuziingiza kwenye mfumo mpya. Sauti iliyorekodiwa ingemkaribisha mpigaji na kumwelekeza abonyeze namba gani.

"Kwa hiyo hakuna mtu katikati," alisema Meneja, akitazama dirishani.

Suichibodi iling'olewa. Mama Rhoda akahamishiwa stoo ya keni za maziwa, chumba chenye mlango mmoja, taa moja na simu hakuna.

Ulifuata utulivu ambao kiwanda hakijawahi kuuona. Simu zilikuwa hazilii ovyo. Tulipiga kwenda Dar na kuwasikia vizuri kana kwamba wamekaa chumba cha pili. Kila Ijumaa mfumo ulitoa ripoti, na kila ripoti ilisema kwamba simu zote zilizoingia zilipokelewa, asilimia mia moja. Meneja aliibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Kwa haki, ripoti haikusema uongo. Zilizoingia zilipokelewa. Zilizoshindwa kuingia hazikuhesabiwa, kwa kuwa hazikuingia.

Mvua za masika zilikuwa zimenyesha vizuri nyika yote ya Handeni, majani yamejaa, ng'ombe wanakamuliwa hadi mikono inauma. Lakini Chanika hawakupiga simu. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Gari likaendelea na safari moja. Menejimenti ikahitimisha kwamba maziwa ya Handeni yamepungua na akina mama wa kule hawana moyo tena wa biashara. Kikao cha Jumatatu kingeamua kukifunga kituo. Matayo, dereva wa gari la maziwa, alijaribu kusema neno.

"Wanasema wanapiga, mzee, ila hawapokelewi."

"Matayo, umeisoma ripoti?"

"Sijaisoma. Maziwa nimeyaona."

"Basi kaisome."

Kule stoo, Mama Rhoda hakuwa na habari za kikao wala ripoti. Alikuwa na jambo lake moja. Kila asubuhi alitoka kwenye keni kwa kisingizio fulani, leo kuazima kalamu, kesho kuulizia funguo, akapita mezani kwa Yusuph.

"Handeni wamepiga?"

"Bado, mama."

Mwanzoni aliondoka akitikisa kichwa. Baadaye akaacha kutikisa. Mwandishi wa mistari hii, anayepima ubora wa maziwa katika chumba kinachopakana na stoo, alimsikia akiziambia keni: "Miaka yote ile, kumbe alikuwa akiipigia suichibodi." Akanyamaza. Kwa siku kadhaa kiwanda kizima hakikujua nani amegombana na nani, wala nani anaoa, na ndipo tulipotambua kwamba utulivu nao una karaha zake.

Jumamosi ya wiki hiyo, ofisi ilipofungwa mchana, alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda kwenye gari la Matayo bila kuomba ruhusa ya mtu, akaenda kumuuliza Naisimoi ana kwa ana amemkosea nini. Matayo anasema walipita tope lote la barabara ya Handeni pasipo abiria wake kutamka neno hata moja, na hapo alijua mambo ni mazito.

Walimkuta Naisimoi nyuma ya kituo, akimimina maziwa shimoni. Yalikuwa ya jana, yamekwisha kuharibika. Akina mama wawili watatu walisimama kando wakiyatazama yanavyozama.

"Takwenya," alisema Mama Rhoda.

Naisimoi aliijua sauti hiyo mara moja, lakini hakuitikia. Akaendelea kumimina.

"Nimekuamkia, Naisimoi."

"Nimesikia. Mimi nimekuita kila siku. Wewe umeitika?"

"Umeniita wapi? Kila asubuhi nauliza kama umepiga, naambiwa hujapiga!"

"Napiga. Kila nikipiga unaongea na watu. Asubuhi unaongea, mchana unaongea. Umepata wenye maziwa wengine, Mama Simu. Sema tu. Hawa wenzangu wameanza kumpelekea mnunuzi wa barabarani, anawapunja, lakini yupo."

"Naongea na nani mimi?" Sauti ya Mama Rhoda ilipanda hadi mbuzi wa jirani wakageuka. "Mimi nimefungiwa stoo! Naongea na keni! Tangu walete hiyo mashine yao sijashika simu, hata ya mtu aliyekosea namba!"

Naisimoi akaiweka keni chini. Walitazamana. Kisha akaingia ndani ya kituo, akainua simu ya mezani, akabonyeza namba ya Korogwe, namba ambayo vidole vyake viliijua bila macho, akamkabidhi Mama Rhoda mkonga.

Tuu, tuu, tuu. Laini inatumika.

"Unasikia?" alisema Naisimoi. "Unaongea."

"Leo ni Jumamosi," Mama Rhoda alisema polepole. "Ofisi imefungwa. Yupo Afisa peke yake." Afisa ni mlinzi wetu, hilo ni jina alilopewa na baba yake, si cheo. "Na Afisa hajui hata namba ya kwao."

Walipiga tena. Inatumika. Wakajaribu laini ya pili. Inatumika. Mama Rhoda akarudisha mkonga taratibu, akakaa juu ya keni iliyofunikwa, akaanza kulia. Matayo anasema alikuwa analia na kucheka pamoja, na kwamba yeye aliona vema aende kukagua tairi.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipigia," alisema.

"Kila siku."

"Hata siku ya mvua kubwa?"

"Hata hiyo."

Ndipo Naisimoi akaitikia salamu iliyokuwa imening'inia hewani tangu gari lilipofika. "Iko," alisema, akamshika mkono.

Jumatatu kikao kilipoanza, Mama Rhoda aliingia na Matayo nyuma yake.

"Mama Rhoda, hiki ni kikao cha menejimenti," alisema Meneja.

"Najua, baba. Nimesikia. Naomba jambo moja tu. Chukua simu yako ya mkononi, piga hapa kazini."

Meneja alipiga, labda ili amalize haraka. Sote tuliokuwa karibu tulisikia: tuu, tuu, tuu. Akatazama mezani kwake, akatazama meza za wengine. Hakuna aliyekuwa na simu sikioni. Yusuph alinyanyuka, akaenda kwenye kisanduku, akainama. Taa zote mbili za laini zilikuwa zinawaka. Akachomeka simu ndogo ya kupimia, akasikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Kuna mtu ndani," alisema.

"Mtu gani?"

"Kwa kumbukumbu za mfumo, ni mwenye duka wa Hale. Aliyepiga asubuhi na mapema kuagiza mtindi."

"Bado anaagiza?"

"Alishakata zamani, mzee. Kisanduku ndicho hakijajua. Mtu akikata, mitambo ya simu ya hapa Korogwe inatoa mlio wake, na kisanduku hakiufahamu mlio huo. Kinadhani mteja yupo. Kinampigia muziki."

Ilibainika kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Wapigaji wawili wa kwanza wa kila siku walipokelewa, wakamaliza shida zao, wakakata; kisanduku kikaendelea kuwaburudisha kwa muziki hadi jioni Afisa alipozima umeme. Waliobaki wote, wa Chanika wakiwamo, waliukuta mlango umeshikwa na watu wasiokuwapo.

"Kosa ni langu," Yusuph alisema, na kwa kauli hiyo alituvutia sote. "Nilikijaribu kwa kupiga. Sikukijaribu kwa kukata."

Meneja aliuliza marekebisho yatachukua muda gani. Yusuph alisema wiki kadhaa. Ilimbidi aurekodi mlio wa Korogwe na kukifundisha kisanduku kuutambua.

"Na kwa sasa?"

"Kwa sasa..." Yusuph alisita. "Kwa sasa inabidi mtu akae hapa asikilize kila simu inayoingia. Akisikia wamemaliza, abonyeze kitufe, laini ifunguke."

"Kila simu?"

"Kila simu, mzee. Mwanzo hadi mwisho."

Daktari wa mifugo alianza kukohoa. Wajumbe walitafuta kwa macho, kila mmoja kwa wakati wake, mtumishi ambaye angeweza kuifanya kazi ngumu namna hiyo, na wote macho yao yakaishia mahali pamoja.

"Mimi kwa kweli si tabia yangu," alisema Mama Rhoda, akiutengeneza upande wa kitenge. "Lakini kama ni agizo la kazi, nitajitahidi."

Kwa hiyo mfumo ulioletwa ili kumwondoa katikati ulimrudisha katikati, mara hii kwa barua yenye muhuri. Barua hiyo ilimteua kuwa Msikilizaji wa Laini, ikamtaka asikilize simu zote "kwa makini na bila kuchoka". Hajachoka hadi tunapoandika haya. Asubuhi iliyofuata, Chanika ilipiga na ikapokelewa, na gari likaenda safari mbili. Kituo hakikufungwa. Tukubali pia kwamba baadhi ya akina mama waliokuwa wamehamia kwa mnunuzi wa barabarani hawakurudi tena. Waliyamwaga maziwa yao wiki tatu wakisikia mlio wa kukataliwa, na hatuwezi kuwalaumu.

Yusuph alitimiza ahadi yake. Kisanduku kilijifunza kuujua mlio wa Korogwe, laini zikawa zinafunguka zenyewe, na kazi ya Msikilizaji wa Laini ikawa imekwisha. Barua tu ndiyo haikufutwa. Kila mwaka ilipendekezwa ifutwe, na kila mwaka mpendekezaji alipigiwa simu nyumbani, akakumbushwa jambo lake fulani lililowahi kupita kwenye laini. Isitoshe, sauti iliyorekodiwa haikupata mafanikio nyikani. Bibi mmoja wa Kimasai aliisalimu, akangoja iitikie, ikamwambia abonyeze moja. Akasema mtu asiye na adabu namna hiyo hamwuzii maziwa. Simu zote za Handeni zikaelekezwa moja kwa moja kwa Mama Rhoda.

Wakubwa wa Dar walipokuja kukagua, walipendezwa na namna tulivyounganisha mitambo ya kisasa na huduma ya binadamu. Ndugu Bonaventura alipokea pongezi hizo kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekuwa amelipanga jambo hilo tangu mwanzo. Mama Rhoda alipelekwa mafunzoni Arusha, akarudi na cheti cha mawasiliano ya kisasa, pamoja na habari zote za waliokuwa naye mafunzoni.

Naye Naisimoi, mwaka uliofuata ule wa ugomvi, alimpa Mama Rhoda mtamba. Kwa Wamasai, aliyetoa ng'ombe na aliyepewa huacha majina yao ya zamani na kuitana kwa jina la zawadi. Tangu hapo simu za Chanika zilianza kwa "Pakiteng!", yaani mwenzangu wa ng'ombe, na kujibiwa "Pakiteng!", na wageni ofisini wakadhani ni neno la siri la kuingilia kwenye mfumo. Mtamba yule amezaa mara kadhaa, na mifugo hiyo iko Makuyuni, ambako Mama Rhoda anahamia kulima mahindi yake na kunywa maziwa yasiyohitaji kupigiwa simu.

Jana Ijumaa, akiwa anafungasha vitu vyake mezani, Chanika walipiga. Maziwa yalitajwa, upesi. Kisha tukamsikia Naisimoi, kwa kuwa Mama Rhoda alikuwa ameiweka simu kwenye spika ili mikono yake ifunge kikapu.

"Jumatatu atapokea nani?"

"Sijui, Pakiteng. Watamweka mtu."

"Anajua kusalimu?"

"Atajifunza."



"Basi Jumatatu sipigi," alisema Naisimoi. "Nakuja."

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, taarifa ya Handeni ikichelewa, tunamwomba Meneja asikiangalie kisanduku. Kisanduku ni kizima, na laini zote mbili ni nzima. Mtoa taarifa na mpokea taarifa wamekaa Makuyuni, wanakunywa chai ya maziwa, na mazungumzo yao kwa mara ya kwanza hayasikilizwi na mtu mwingine.

Mama Rhoda, wafanyakazi wenzako wa Bonde Jema tunakushukuru kwa miaka yote uliyotusikiliza tulipotaka na tusipotaka. Mungu akujalie afya, mvua za kutosha, na majirani wenye mengi ya kusimulia.